Kabla Hujatia Saini Fomu ya Upasuaji

Mheshimiwa mwenyekiti, madaktari na wauguzi wenzangu, na ninyi ndugu zangu mliokuja kwa sababu mnaumwa au mnamuuguza mtu, asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nina ombi moja, na nalitoa mwanzoni ili hata anayelazimika kuondoka mapema aondoke nalo. Siku daktari atakapokuambia kwamba unahitaji upasuaji, na bado muda wa kuzungumza upo, muulize: je, tatizo hili haliwezi kutibiwa kwa kupitia ndani ya mshipa wa damu? Huenda jibu likawa hapana. Utumbo uliojisokota unahitaji kisu, na haraka. Lakini ziko hali nyingi ambazo jibu ni ndiyo, au angalau ni "hebu tukae tuangalie", na bado mgonjwa anafikishwa kwenye meza ya upasuaji bila kuambiwa kwamba njia hiyo ipo. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo lililonileta hapa.

Mimi ni daktari wa radiolojia tiba. Wengi wenu mnaijua radiolojia kama chumba cha kupigwa picha: unaingia, unalala, unaambiwa vuta pumzi, izuie, kisha unatoka na bahasha. Kazi yetu inaanzia kwenye picha hiyohiyo, ila haiishii kwenye kuangalia. Tunatazama kwenye skrini huku mikono yetu ikitibu ndani ya mwili.

Inavyofanyika ni hivi. Tunachoma ganzi kwenye kinena au kwenye kifundo cha mkono. Tunaingiza sindano ndani ya ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, tunapitisha waya laini ndani ya sindano, tunaichomoa sindano na kuuacha waya mahali pake, halafu tunauvisha mrija mwembamba juu ya waya huo na kuusukuma taratibu. Mrija huo, yaani katheta, unene wake haufiki milimita 2. Ndani yake tunaweza kupitisha mwingine ulio chini ya milimita 1, wa kufika kwenye vijitawi. Tunadunga dawa inayoonekana kwenye eksirei, mishipa inajichora kwenye skrini, nasi tunafuata njia. Mara nyingi mgonjwa yuko macho, tunazungumza naye. Tukimaliza, tunachomoa mrija na kukandamiza pale palipotobolewa mpaka damu isimame. Pale huwa hakuna mshono.

Mbinu hii ya sindano, waya na mrija ilitangazwa mwaka 1953 na daktari wa Sweden, Sven-Ivar Seldinger. Kabla yake, aliyetaka kuingiza mrija ndani ya ateri alilazimika kuipasua ngozi mpaka aufikie mshipa, au atumie sindano nene kiasi cha mrija kupita ndani yake. Seldinger aligeuza mpangilio: waya utangulie, mrija ufuate ukiwa umeuvaa waya. Ukilisikia unaona ni jambo dogo. Ila karibu kila kitu nitakachowaeleza leo kimejengwa juu ya jambo hilo, na hata mrija wa kusafishia damu anaowekewa mgonjwa wa figo shingoni huingizwa kwa njia hiyo.

Miaka kumi na moja baadaye, Januari 1964, katika mji wa Portland, Marekani, mama mmoja wa miaka 82 alikuwa na mguu uliokosa damu. Vidole vilikuwa vimeanza kuoza. Madaktari wa upasuaji walimshauri akubali kukatwa mguu, akakataa. Akapelekwa kwa Charles Dotter, daktari wa radiolojia, ambaye alipitisha mirija yake kwenye ateri ya paja iliyokuwa imebana, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja mnene kuliko uliotangulia, mpaka njia ikapanuka. Mguu ukapata joto, maumivu yakaisha, na mama yule aliishi na miguu yake yote miwili mpaka alipofariki miaka kama miwili na nusu baadaye kwa ugonjwa mwingine. Hakuna aliyempigia Dotter makofi siku ile. Wapo wenzake waliomwona kichaa. Inajulikana kwamba daktari mmoja wa upasuaji alimtumia mgonjwa na kuandika kwenye fomu kwamba anataka picha tu, asijaribu kurekebisha chochote.

Dotter alifungua mshipa uliobana. Kuziba mshipa ni upande wa pili wa kazi ileile, na huko ndiko nataka tukae zaidi leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Josef Rösch, Dotter na wenzao walimtibu mgonjwa aliyekuwa akivuja damu tumboni. Walifikisha mrija kwenye ateri iliyolilisha eneo linalovuja na kuiziba kwa donge la damu ya mgonjwa mwenyewe. Matibabu haya tunayaita embolaizesheni. Kwa lugha ya kawaida ni kuziba mshipa kwa makusudi, kutokea ndani, mahali ulipopachagua.

Tunaziba kwa nini? Inategemea tunataka nini, na uamuzi huu ndio kiini cha ufundi wenyewe. Kuna koili, nyuzi ndogo za platinamu ambazo zikitoka kwenye mrija zinajikunja na damu inaganda juu yake. Kuna chembechembe ndogo kama mchanga, zinazopimwa kwa mikroni, yaani sehemu za elfu za milimita, ambazo zinasafiri na damu mpaka zinakwama kwenye mishipa midogo. Kuna gundi inayoganda ikigusana na damu. Na kuna sponji ya jelatini, ambayo mwili huiyeyusha baada ya wiki chache na mshipa ukafunguka tena.

Chukueni mfano wa wengu. Mtu amepata ajali, wengu umechanika, lakini presha yake inashikika. Zamani angepasuliwa wengu utolewe, na asiye na wengu hubaki katika hatari ya maambukizi makali maisha yake yote. Sisi tunaweza kuweka koili kwenye ateri kubwa ya wengu, mbali kidogo na jeraha. Mtu atauliza: ukiziba ateri kubwa, wengu si utakufa? Haufi, kwa sababu kuna mishipa midogo inayotoka tumboni na kwenye kongosho inayoufikia kwa njia za pembeni. Damu inapungua nguvu, jeraha linapata nafasi ya kuganda, na kiungo kinabaki hai. Katika mgonjwa huyohuyo ukimwaga chembechembe ndogo badala ya koili, zitafika ndani kabisa ya wengu na kuua nyama. Mshipa ni uleule na mrija ni uleule, ila matokeo yanapishana kabisa. Ndiyo maana sipendi matibabu haya yanapoelezwa kama kazi ya mashine. Ni kazi ya anayejua damu itapita wapi baada ya yeye kuifungia njia.

Sasa niwapeleke mahali ambapo dakika zina thamani. Mama amejifungua, mtoto amelia, kondo la nyuma limetoka, na damu haikomi. Wakunga mlio hapa mnaijua hali hiyo kuliko mimi. Kizazi kinakandwa, dawa za kukisinyaza zinatolewa, asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu iliyoganda isiyeyuke, inadungwa, michaniko inatafutwa na kushonwa, puto linawekwa ndani ya kizazi. Mimba ikiwa imetimia, kizazi hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kwa dakika, kwa hiyo kizazi kikilegea, mama anaweza kumalizika mbele ya macho yenu. Hatua hizo zikishindwa, hospitali nyingi zinabaki na njia moja, nayo ni kukitoa kizazi.

Mama huyo akiletwa kwetu angali na presha ya kushikika, huku damu ya kuongezewa ikiingia, tunaingia kupitia kinena. Kwenye skrini mishipa ni mistari myeusi juu ya weupe. Ateri za kizazi baada ya kujifungua ni nene na zimejipindapinda kuliko ateri yoyote ya jirani, huwezi kuzikosea. Tunadunga dawa, na pengine tunaona pembeni ya mstari doa jeusi linaloanza dogo, linapanuka, wala halifutiki mistari mingine inapofutika. Pale ndipo damu inapotokea. Mara nyingine hatuoni doa, tunaona kizazi kizima kilicholegea kimejaa damu. Tunakata sponji ya jelatini vipande vidogo, tunavichanganya na dawa ileile ili tuvione vikisafiri, na tunavisukuma polepole mpaka mtiririko unasimama. Kisha tunavuka kwenda upande wa pili na kufanya vivyo hivyo, kwa sababu ateri ni mbili na ukiacha moja umeacha kazi nusu. Muuguzi aliyekuwa akihesabu vitambaa anasema damu imepungua. Mtaalamu wa ganzi anasema presha inapanda.

Katika taarifa zilizochapishwa duniani, damu husimama kwa takribani wagonjwa tisa kati ya kumi. Sponji inayeyuka wiki zinazofuata, hedhi kwa wengi inarudi, na wapo wanaoshika mimba tena. Lakini sikilizeni na hili: mama ambaye presha imeshaporomoka na hawezi kuhamishwa, mahali pake ni chumba cha upasuaji, na daktari atakayetoa kizazi hapo anaokoa uhai. Tusimcheleweshe mtu kwa kungojea mashine. Ninachowaomba wakuu wa wodi za uzazi ni simu. Mtupigie wakati puto linawekwa, msingoje mpaka lishindwe, ili chumba chetu kiwe tayari.

Niingie kwenye fibroidi, kwa sababu najua wengi mmekuja kwa ajili hiyo. Uvimbe wa fibroidi si saratani, lakini unaweza kumfanya mwanamke atokwe na damu kila mwezi mpaka apungukiwe damu, akojoe kila mara, au tumbo lijae kama la mjamzito. Kwa muda mrefu alichoelezwa ni kuondoa uvimbe kwa upasuaji au kuondoa kizazi chote.

Njia ya mshipa iligunduliwa kwa namna ambayo inanifurahisha kila ninapoikumbuka. Huko Paris, Jacques Ravina na wenzake walikuwa wakiziba ateri za kizazi kwanza ili upasuaji wa fibroidi utakaofuata usimwage damu nyingi. Baadhi ya wagonjwa, wakiwa wanasubiri zamu ya kupasuliwa, wakaanza kusema kwamba damu imepungua, nafuu imekuja, na upasuaji hawauhitaji tena. Madaktari wale wakasikiliza. Mwaka 1995 wakachapisha matokeo katika jarida la The Lancet, na matibabu yakasambaa duniani. Natamani kila daktari kijana aliyeko humu alishike hilo: wagonjwa ndio waliotoa taarifa, na kuna aliyekuwa na masikio.

Kanuni yake ni kwamba uvimbe hunyonya damu nyingi, na chembechembe hukimbilia kule damu inakokimbilia. Uvimbe ukikosa damu unakufa na kusinyaa miezi inayofuata, ilhali nyama nzima ya kizazi inapata damu kwa njia nyingine na kupona. Wengi hupata nafuu ya kutokwa damu, wanakaa hospitali muda mfupi, na wanarudi kazini mapema kuliko waliopasuliwa.

Hayo ndiyo mazuri, na sasa nawapa mengine kwa uzito uleule. Kwanza, inauma. Saa za mwanzo baada ya kuziba, maumivu ni makali, na asiyeandaliwa dawa za kutosha za maumivu atateseka. Anayekuambia hutasikia kitu hakutendei haki. Siku zinazofuata kuna homa, kichefuchefu na uchovu, ambavyo kwa kawaida hupita ndani ya wiki moja. Pili, tatizo linaweza kurudi. Utafiti wa EMMY wa Uholanzi ulilinganisha njia hii na kuondoa kizazi, ukawafuatilia wanawake kwa miaka 10. Karibu theluthi mbili ya waliozibwa mishipa walibaki na vizazi vyao, maana yake theluthi moja hivi waliishia kuondolewa kizazi. Tatu, mwaka 2020 utafiti wa FEMME wa Uingereza uliwalinganisha wanawake 254, kundi moja wakizibwa mishipa na jingine wakiondolewa uvimbe peke yake kwa upasuaji. Baada ya miaka miwili makundi yote yalikuwa na nafuu kubwa, ila waliopasuliwa walikuwa na alama za ubora wa maisha zilizo juu kidogo, 84.6 dhidi ya 80.0. Nasimama hapa nikiwa daktari wa mishipa na ninawatajia takwimu iliyowapendelea wapasuaji, kwa sababu mwili ni wenu na uamuzi ni wenu.

Kwa anayetaka kupata mimba, mazungumzo yanahitaji uangalifu zaidi. Wapo waliozaa baada ya kuzibwa mishipa ya fibroidi, lakini ushahidi bado haujakaa sawa, na kwa wengi wa namna hiyo mimi mwenyewe huwaelekeza kwanza kwa daktari wa upasuaji wa kuondoa uvimbe. Na kama kuna shaka yoyote kwamba uvimbe ni saratani, hatuzibi. Tunatafuta jibu kwanza.

Kwenye ini nitapita haraka, ila kuna jambo zuri la kimaumbile ambalo siwezi kuliruka. Ini lina milango miwili ya damu. Takribani robo tatu ya damu yake inatoka kwenye mshipa mkuu unaokusanya damu ya utumbo, na robo iliyobaki inatoka kwenye ateri. Saratani iliyoanzia kwenye ini yenyewe hula karibu chakula chake chote kutoka kwenye ateri. Kwa hiyo tunaweza kupeleka dawa ya saratani kupitia ateri hadi kwenye uvimbe na kuufungia njia nyuma yake, na ini lililobaki likaendelea kulishwa na mlango wa pili. Mwaka 2002 tafiti mbili, moja ya Barcelona na moja ya Hong Kong, zilionyesha kwamba wagonjwa waliochaguliwa vizuri waliishi muda mrefu zaidi kuliko waliopewa matunzo ya kutuliza tu. Zingatieni maneno "waliochaguliwa vizuri". Ini lililochoka sana, lenye manjano na tumbo kujaa maji, halivumilii matibabu haya.

Kichwani pia koili zimebadili mambo. Mshipa uliovimba kama puto ndani ya kichwa ukipasuka, zamani ilikuwa lazima fuvu lifunguliwe ubanwe kwa kibanio. Utafiti wa ISAT wa mwaka 2002, uliokuwa na wagonjwa 2,143, ulionyesha kwamba mwaka mmoja baadaye waliokuwa wamekufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 23.7 kwa koili na asilimia 30.6 kwa kibanio. Na wanaume wenye tezi dume iliyovimba, watu wanaokohoa damu nyingi kwa sababu ya makovu ya kifua kikuu, vijana wenye mishipa iliyovimba kwenye korodani, wote wana njia ya namna hii inayostahili kutajwa mbele yao.

Madhara yapo. Dawa ya kuonyesha mishipa inaweza kuleta mzio na inaweza kuyaelemea mafigo yaliyokwisha kuchoka. Mionzi inatumika. Pale palipotobolewa panaweza kuvuja au kuvimba. Ninaloliogopa zaidi ni chembechembe kwenda zisikotakiwa. Unapoziba mishipa ya mapafu kwa mtu anayekohoa damu, kuna kijateri chembamba cha uti wa mgongo ambacho kwa baadhi ya watu huchipuka kwenye shina hilohilo. Ukikiziba, mtu anaweza kuamka miguu haifanyi kazi. Ndiyo maana mnaona tunakaa muda mrefu tukitazama picha kabla ya kudunga chochote. Tundu ni dogo, lakini ndani ya mwili tunafanya jambo zito, nami sitaki mtu akubali matibabu haya kwa kuvutiwa na udogo wa tundu peke yake.

Kwa nini basi wengi hawaambiwi? Mara nyingi hakuna mwenye nia mbaya. Mgonjwa anakutana kwanza na daktari wa upasuaji, naye anaeleza anachokifanya kila siku na anachokiamini. Lawama nyingine ni yetu sisi wa radiolojia. Tumezoea kukaa kwenye vyumba vyenye giza tukingoja fomu. Dotter mwenyewe aliliona hilo mwaka 1968, akawaonya wenzake kwamba wasipobeba jukumu la kumhudumia mgonjwa mzima, watageuka mafundi bomba wa bei ghali. Onyo hilo linatuhusu hadi leo. Daktari atakayeziba mshipa wako anatakiwa kukuona kliniki kabla, akupime, asome vipimo vyako, akuambie ukweli, na akuone tena baada ya matibabu. Kama mara ya kwanza kumwona ni pale umelazwa mezani, una haki ya kusema subiri.

Nanyi mkifika kliniki, msione haya kuuliza. Ni matatizo mangapi ya aina yangu umeshayatibu? Kwangu utatumia nini kuziba, na kwa nini hicho? Ikishindikana, nini kinafuata, na daktari wa upasuaji anajua kwamba nipo? Maumivu yatatulizwaje usiku wa kwanza? Nikiwa nyumbani na homa ikapanda baada ya wiki, au nikatokwa na uchafu wenye harufu, nimpigie nani, saa yoyote? Swali hilo la mwisho msitoke bila jibu lake, maana maambukizi ya kizazi baada ya kuzibwa ni nadra, lakini yakicheleweshwa yanaua. Namba ya simu iandikwe kwenye karatasi, iwe ya mtu anayepokea.

Wapasuaji waliomo humu nawaomba tukutane kila wiki juu ya faili za wagonjwa, kabla tarehe ya upasuaji haijapangwa. Wengine tayari tunafanya hivyo, na mara nyingi tunatoka tukiwa tumewarudishia wagonjwa ambao njia yetu haikuwafaa.

Nimeacha muda wa maswali kwa makusudi. Tuanze na akina mama wa upande huu, mlioinua mikono tangu nilipotaja fibroidi.